Ufagio Haufuti Mguu

Tapu. Tapu. Tapu.

Usiku wa manane, jogoo bado hajakohoa, na nje ya mlango kuna kitu kinatembea. Hakikimbii, hakinyati, kinatembea tu taratibu kama mwenye nyumba anayekagua ua wake. Tapu. Tapu. Tapu. Mmesikia? Basi sogeeni, msikae karibu na mlango, na mwenye mtoto ampakate, niwasimulie upesi kabla ulimi haujanikauka.

Paukwa.

Pakawa.

Kaondokea mfagiaji, akafagia ua na kivuli cha ua. Niseme?

Sema.

Hapo zamani za kale, zamani hizo wanyama wana shule na watu hawana, aliishi Mama Digidigi katika kichaka cha miiba karibu na mto mkavu. Digidigi mnamjua. Ni swala mdogo kuliko swala wote, miguu yake kama njiti za ufagio, na moyo wake hupiga mbio hata akiwa usingizini. Mumewe alikwenda kutafuta malisho ng'ambo ya kilima, na ng'ambo ya kilima haikumrudisha.

Alizaa watoto watatu. Wa kwanza, Tumaini, alikamatwa na Chui bwawani, mchana kweupe, mdomo wake umo majini. Wa pili, Faraja, Chui hakumgusa hata unywele. Aliamka asubuhi moja akakuta unyayo mkubwa mlangoni, akauliza huu ni wa nani, na mama yake akamwambia ukweli. Basi. Faraja hakutoka tena nje. Ukimpa jani analitazama, ukimpa maji anasikiliza mlango. Siku ya tisa akakauka kama ganda la mbegu. Chui hakumla, lakini alimmaliza.

Alipozaliwa wa tatu, Mama Digidigi akamwita Tegemeo. Akamlamba, akamkausha, akaapa moyoni: huyu unyayo ule hatauona. Kama kuuona ndiko kunakoua, huyu hatauona.

Na Chui alikuwa anakuja. Si kila usiku, lakini usiku mwingi. Tapu, tapu, tapu, anazunguka kichaka, miiba inamkataza, anasimama mlangoni, anapumua, anaondoka. Kulipoanza kupambazuka Mama Digidigi alitoka na ufagio wake wa nyasi akafagia. Akafagia mlangoni, akafagia uani, akafagia njia mpaka kwenye jiwe jeupe. Nyayo zote zikaisha. Akarudi ndani, akamwamsha mwanawe kwa wimbo.

Hakuna aliyeshangaa, maana nchi ile ilikuwa na desturi yake: mama mwema hufagia kabla jua halijachomoza. Jua likikukuta na ua mchafu, utasemwa mpaka jioni. Mama Kanga, jirani yake, alipita alfajiri na vifaranga wake kumi na mmoja, akasimama na kusifu. Alisema, "Mama Tegemeo, shoga, ua wako huu hata sisimizi ataona haya kupita." Mama Digidigi akacheka kidogo, akauficha ufagio nyuma ya mgongo kama mwizi.

Tegemeo akakua. Akawa mchangamfu, mwepesi, anaruka kivuli chake mwenyewe. Akaanza shule.

Shule yao ilikuwa kwenye mchanga wa mto mkavu, na mwalimu wao alikuwa Mwalimu Nungunungu. Somo lilikuwa moja tu, kusoma nyayo, kwa sababu nchini kwao hapakuwa na kingine cha kusoma kilichozidi hicho. Mwalimu alichomoa mwiba mmoja mgongoni mwake kwa kila mwanafunzi, ndio kalamu, na mchanga ndio daftari. Alikuwa mkali, lakini alijua. Aliwafundisha maswali matatu, wakayaimba kila siku: Nani amepita? Ametoka wapi? Amekwenda wapi?

Na mwisho wa msimu kulikuwa na mtihani wa bwawa. Mwanafunzi anatoka shuleni peke yake alfajiri, anasoma njia, anafika bwawani, anakunywa, anarudi. Aliyefaulu aliruhusiwa kwenda majini mwenyewe. Asiyefaulu alibaki nyumbani kungoja maji ya mama. Na kiangazi cha nchi ile, nyie acheni, mama mmoja hakuweza kubeba maji ya wawili. Watoto waliobaki nyumbani hawakuziona mvua zilizofuata. Mama Digidigi alijua hilo. Hakulala akihesabu miezi.

Siku ya kwanza Tegemeo alirudi mbio, pua imejaa mchanga, akamweleza mama yake habari za shule bila kuvuta pumzi. Kwamba njiwa hutembea kama anayeshona. Kwamba kobe huburuta tumbo akaacha barabara. Kwamba sungura, eti mama, miguu yake ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele, amewahi kuona? Alilala na kalamu yake chini ya shavu.

Kisha Mwalimu akatoa kazi ya nyumbani.

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, kila mwanafunzi asome ua wa kwao, alete majibu ya maswali matatu. Kila siku mpaka mtihani. Asiye na majibu jina lake litaondolewa.

Tegemeo aliamka asubuhi akatoka uani. Ua umefagiwa, laini kama ngozi ya ngoma. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama mpaka pua ikagusa ardhi. Akaenda shuleni akaandika: Hakuna aliyepita.

Siku ya pili akatoka. Laini kama ngozi ya ngoma. Akaandika: Hakuna aliyepita.

Siku ya tatu akaandika: Hakuna aliyepita, na Mwalimu akasimama juu ya maandishi yake.

Akauliza ni ua gani huo duniani usiopitwa hata na panya. Mtoto wa Ngiri, mwenye mdomo mpana, akajibu kabla hajaulizwa: "Mwalimu, hawa labda wanaishi kaburini." Darasa zima likacheka, hata vifaranga wa Mama Kanga wakacheka, na Tegemeo akapelekwa kusimama juu ya njia ya siafu mpaka jua lifike utosini.

Alirudi miguu imevimba. Mama yake akaiosha, akaipaka utomvu. Hakulia, Tegemeo. Aliuliza tu, "Mama, kwa nini kwetu hapapiti mtu?"

Mama Digidigi aliyaona maneno yamejipanga mdomoni, yote, mazima. Akamwona na Faraja, amelala palepale, anasikiliza mlango. Akayameza.

Akasema, "Kwetu ni pa amani, baba. Shukuru."

Usiku ule hakulala. Tapu, tapu, tapu. Alikaa anafikiri upesi upesi, kama mtu anayejaza maji kwenye tenga: akiacha nyayo mtoto atakufa kwa hofu, akifagia mtoto atafukuzwa shule, akiacha atakufa, akifagia atafukuzwa. Kulipopambazuka akafagia kama kawaida. Kisha akapata akili, au aliyodhani ni akili. Akainua kwato lake moja, akachapa nyayo za sungura. Alichapa moja moja, kwa uangalifu, ulimi uko nje. Alizitoa kwenye jiwe jeupe, akazipitisha mlangoni, akazipeleka kichakani. Akarudi ndani, akamwamsha mwanawe kwa wimbo.

Mngemwona Tegemeo. Aliruka juu mara tatu. Akasoma, akaandika, akarudi kusoma tena asije akakosea. Akaenda shuleni wa kwanza kabla ya wote, akaandika kwa mwandiko mkubwa: Amepita Sungura. Ametoka jiwe jeupe. Amekwenda kichakani. Na chini yake, maana Mwalimu alipenda michoro, akauchora unyayo kama alivyouona.

Mwalimu Nungunungu akautazama mchoro.

Alisema, "Sungura huyu ana kwato."

Ndipo kilipopasuka kicheko cha kuangusha wapita njia. Mtoto wa Ngiri aligaagaa mchangani. Kuanzia siku ile jina la Tegemeo likasahauliwa, wakamwita Sungura Kwato, asubuhi na jioni, kwenda na kurudi. Na Mwalimu, ambaye alisamehe ujinga lakini hakusamehe uongo, alimweka kwa siafu siku mbili.

Tegemeo hakumwambia mama yake neno. Alikuwa amekwisha kuzitambua zile nyayo. Mtoto aliyefundishwa nyayo atakosaje kulijua kwato la mama yake? Alijua mama amemdanganya, hakujua kwa nini, na jambo asilolijua akalijaza kwa alichokijua: mama amenionea huruma kwa sababu mimi sina akili.

Hapo ndipo moyo wake ulipoitoka shule. Mtoto haachi kusoma siku moja, hapana. Huacha kidogo kidogo. Kwanza aliacha kukaa mbele. Kisha aliacha kuimba. Kisha kalamu akaisahau nyumbani, kisha akaisahau makusudi. Njiani alikaa na kaka mkubwa wa yule mtoto wa Ngiri, aliyeacha shule zamani, akagaagaa naye kwenye matope akisikiliza hekima zake. Huyo kaka alimwambia kusoma ni kujisumbua. Alisema, "Mimi sijui unyayo hata mmoja, dogo, na tumbo langu ulione." Akalipiga kofi tumbo likalia. Tegemeo alicheka. Alipofika nyumbani akasema shule haina maana, nyayo hazina kazi, aliyepita amekwisha kupita.

Mama Digidigi aliposikia hivyo, Mungu amsamehe, akaona nafuu.

Ikaja siku Mwalimu aliyoitangaza wiki nzima: kesho wote wafike, asikosekane hata mmoja, kesho tunakwenda kusoma unyayo wa Chui wenyewe, kule kwenye ukingo. Tegemeo alimwambia mama yake bila hamu, kama anayetaja hali ya hewa. Mama akamshika tumbo. Akamshika paji la uso. Akasema una homa wewe, mbona unachemka hivi, akamchemshia majani machungu, akamlaza, akakaa juu ya upindo wa shuka lake mpaka jioni. Mtoto hakuwa na homa. Alilala macho wazi, akawasikia wenzake kwa mbali wakirudi wanaimba wimbo mpya. Lahani ilimfikia, maneno yakabaki njiani.

Wimbo wenyewe ulikuwa huu, nyie muushike, kwa sababu yeye hakuupata:

Mwenye kucha nje, utamkimbia.
Mwenye kucha ndani, atakukimbilia.

Maana fisi huchapa kucha mchangani, mbweha huchapa, mbwamwitu huchapa. Chui huzikunja. Unyayo wa Chui ni mviringo, laini, kama kitu kisichoweza kuumiza. Ndilo lililokuwa somo. Siku moja tu, na halikurudiwa, maana Mwalimu alikuwa na wanafunzi arobaini na msimu ulikuwa unakwisha. Tegemeo angemuuliza nani? Aliyekwisha kuitwa mvivu haulizi.

Zikabaki siku nne mtihani ufike. Mwalimu akamwita Mama Digidigi shuleni.

Alikwenda amejitanda, mwana nyuma yake. Mwalimu alimkaribisha kwa heshima, akamwonyesha mahali pa kukaa. Akasema mtoto huyu alianza kama moto wa makuti akazimika kama moto wa makuti. Kazi ya nyumbani, msimu mzima, hakuna aliyepita, hakuna aliyepita, na siku aliyopita mtu ni sungura wa kwato. Akasema yeye hataki kumwonea. Kisha akainamisha kichwa, miiba yake yote ikalala, akauliza kwa upole ambao watoto hawajawahi kuusikia:

"Mama, kuna jambo nyumbani?"

Wenzangu, mlango ulifunguka pale. Ulifunguka wote. Angesema ndiyo Mwalimu, lipo, linakuja usiku linasimama mlangoni kwangu, nami nalifagia. Maneno kumi. Mwalimu angefika kesho yake akaona kwa macho yake. Lakini Mama Digidigi alihisi pumzi ya Tegemeo mgongoni, akamwona Faraja, akaona majirani wakipashana habari kwamba kwake ndiko Chui anakotembelea, nani tena atakanyaga uani kwake.

Akasema, "Hakuna, Mwalimu. Kwetu shwari."

Mwalimu akanyanyua kichwa, miiba ikasimama. "Basi mtoto wako ni mvivu."

Na mama akanyamaza.

Tegemeo alimtazama. Alingoja. Alingoja mama aseme hapana, mwanangu si mvivu, mwanangu huinama mpaka pua ikagusa ardhi. Mama alitazama mchanga. Mwalimu akasema atampa nafasi ya mwisho, siku tatu, alete ua mmoja uliosomwa kweli, nani, ametoka wapi, amekwenda wapi, yote matatu, la sivyo jina linaondoka. Akafunga mazungumzo. Yeye naye, tuseme kweli, nyumba ya Digidigi ilikuwa hatua mia tano kutoka shimoni kwake, na hakuwahi kufika. Alisahihisha majibu, hakusahihisha ua.

Usiku wa kwanza Tegemeo aliuliza gizani, "Mama, mimi ni mjinga?"

"Lala, baba."

Tapu. Tapu. Tapu.

"Mama, ni nini hicho?"

"Umande unadondoka."

Usiku wa pili ukadondoka tena umande. Tegemeo alisikiliza, akaugeukia ukuta, hakuuliza.

Usiku wa tatu Mama Digidigi alijitia moyo. Alijiambia nitamwambia asubuhi. Nitaacha kufagia, nitamshika mkono, tutausoma pamoja, nitamwambia pole pole. Akakaa macho akiyapanga maneno, hili litangulie, hili lifuate, lisimtishe, limwingie. Akayapanga, akayapangua. Tapu, tapu, tapu, akapita yule wa kupita. Akayapanga tena. Na kwa kuwa alikuwa hajalala msimu mzima, kulipokaribia kupambazuka, usingizi ukamwangukia kama ukuta.

Alipoamka jua lilikuwa mlangoni. Mahali pa Tegemeo pametulia, pamepoa. Kalamu haipo.

Alitoka. Na angalieni mazoea yalivyo: alitoka na ufagio mkononi.

Uani, kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, mchanga ulikuwa na maneno ya kweli. Nyayo kubwa, za mviringo, zilizotoka jiwe jeupe zikasimama mlangoni zikazunguka kichaka. Na pembeni yake kwato ndogo, zimerukaruka mahali pamoja, mara tatu. Alifurahi. Mama alisoma hivyo: hapa mwanangu alifurahi.

Pembeni pa kwato, kwa mwandiko mkubwa:

Amepita mnyama mkubwa. Hana kucha. Bila shaka ni mpole. Ametoka jiwe jeupe. Amekwenda

Na hapo maandishi yakakatika, maana swali la tatu alikuwa bado hajalijua, na Mwalimu alisema yote matatu. Kwa hiyo alikwenda kulitafuta.

Mama Digidigi akafuata. Kwato ndogo kando ya nyayo kubwa, kando kwa kando, kama mtoto anayetembea na mjomba wake. Zikapita jiwe jeupe. Zikapita mti wa mkwaju. Hapo zilisimama, kalamu ikachora unyayo mzima, vizuri, kila kidole mahali pake, hakuna kosa hata moja. Hakuwa mjinga. Hakuwa mvivu. Zikashuka ukingoni, zikaingia penye nyasi ndefu, na mbele ya nyasi zile nyayo kubwa zilikuwa zimegeuka.

Kwato ndogo hazikugeuka.

Baada ya pale mchanga ulikuwa umevurugika kidogo, kidogo tu, na kalamu imesimama ardhini peke yake.

Mama Digidigi alikaa chini. Alijua kusoma, na alikuwa amesoma mpaka mwisho.

Mama Kanga akamkuta hapo, vifaranga wake wamemfuata mstari. Akazitazama nyayo, akamtazama shoga yake, akautazama ufagio. Alikuwa ameusifu ufagio ule msimu mzima. Akaelewa yote kwa mara moja, akawakusanya vifaranga chini ya mbawa asije mmoja akatazama.

Akasema wamwite Mwalimu. Waje watoto wote, wasome hapa leo leo, jua halijazifuta, wajue mwenye kuficha kucha hutembea vipi. Akasema, "Kesho kuna mtihani, Mama Tegemeo. Mtoto wa Ngiri njia yake ni hii hii."

Mama Digidigi akamshika miguu. Alisema kwa mkupuo, maneno yakikanyagana, kwamba wakija watasoma na uani, wataona alichoandika, watajua siku ya somo la Chui nani alimlaza na homa isiyokuwapo, watajua ni nani aliyefagia. Watasema Chui alikula tu, aliyechinja ni mama. "Shoga yangu, nimepoteza watatu. Usinipotezee na uso."

Mama Kanga akarudi nyuma hatua moja, akampisha. Naye alikuwa mama, naye nyumbani kwake ulikuwapo ufagio.

Basi Mama Digidigi akasimama akafagia. Alianzia nyasini akarudi kinyumenyume, akizifuta kubwa na ndogo pamoja, kwa sababu zilikuwa kando kwa kando na ufagio hauchagui. Akafuta mchoro wa mkwajuni. Akafuta maandishi. Akafuta mahali mwanawe aliporuka. Hakikubaki kitu cha Tegemeo juu ya dunia ila kwato moja, kizingitini, la kutokea nyumbani. Hilo ufagio ulikataa. Alilala juu yake, akalifunika kwa uso wake, akalia mpaka machozi yakamchimba.

Ndiyo maana mpaka leo digidigi, mkimtazama vizuri, ana alama nyeusi chini ya kila jicho. Akiosha haitoki.

Shuleni, Mwalimu Nungunungu aliita majina. Alipofika kwa Tegemeo hakuitikiwa. Akaandika: Mtoro. Akaendelea. Kesho yake mtoto wa Ngiri alitoka peke yake kwenda bwawani kwa njia ya ukingoni. Wimbo aliujua, mistari yote miwili, lakini mchanga ulikuwa umefagiwa vizuri na hapakuwa na cha kusoma. Bwawa halikumwona.

Nyie mnaonisikiliza, somo lake ni hili, nami sina lingine. Ufagio hufuta unyayo, haufuti mguu. Mtoto ukimfichia la kutisha hukumwondolea, umemwondolea macho tu. Na anaposhindwa darasani, kabla hujamwita mvivu, nenda kaone ua anaoamkia. Mtoto hasomi na mwalimu peke yake, husoma na nyumba nzima, na nyumba ikinyamaza naye hunyamaza.

Ngano yangu nimeileta mbio na mbio naiacha, iliyo tamu mgawane, iliyo chungu mniachie mlangoni nitaizoa mwenyewe.

Na mkiamka alfajiri mkasikia kanga anapiga kelele vichakani, anaanza, anakatisha, anaanza, anakatisha, kama mwenye neno limemkwama, msimuulize. Asubuhi ile aliliona lote, kutoka mlangoni mpaka nyasini. Na shoga yake alipoinua uso kutoka kizingitini akamtazama, Mama Kanga aliwafunika vifaranga wake masikio, akainama, akasema polepole:

"Nimeona mimi. Sitamwambia mwingine."